Usiku Usio na Tukio

Katika kaye, daftari la zamu, usiku uliokwenda vizuri huandikwa kwa herufi tatu: R.A.S., rien à signaler, hakuna la kutaja. Chini yake saa, tarehe na sahihi mbili, ya anayetoka na ya anayeingia. Nimeziandika herufi hizo miaka mingi mbele ya tablo ya umeme hapa Lubumbashi. Kabla yangu waliziandika wengine wengi, kwenye tanuru za shaba, kwenye pampu za migodini, kwenye mitambo ya umeme ya Lufira na Lualaba. Mtu anakesha saa nane macho yake yakiwa kwenye mishale na taa, kisha anaacha herufi tatu.

Ndiyo maana kazi hii haina historia. Anayefungua makabati ya kumbukumbu za shaba ya Katanga atakuta tani zilizotoka, mishahara, mikataba, magonjwa ya kambini, mgomo wa Desemba 1941 na watu waliopigwa risasi hapa mjini, akiwamo karani Léonard Mpoyi. Atakuta na ajali. Lakini usiku ambao mtu aliona maji yanapungua katika bomba la tanuru, akaita wenzake kabla ya lolote, usiku huo haumo. Haukuzaa ripoti, kwa sababu ulifanikiwa. Nauandikia usiku huo, maana mji huu ulilelewa na watu waliokesha wakitazama. Na pale wataalamu wa dunia walipoanza kuuliza kutazama kunamchosha mtu kiasi gani, mmoja wa mabingwa wao alikuwa akifanya uchunguzi humu Kongo, akiwapima baba zetu. Alichowapima ni kitu kingine.

Tuanze na tanuru. Reli kutoka Rhodesia ilifika mwaka 1910, na Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ikazaliwa nayo. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga kiwanda chake kando ya mto Lubumbashi, na tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa. Madini yalitoka Kalukuluku, mgodi walioupa jina la Étoile. Koke ililetwa kwa treni kutoka Wankie. Tanuru zenyewe kuta zake zilikuwa masanduku ya chuma yenye maji yanayozunguka ndani bila kukoma. Maji yakisimama, chuma kinaungua na kutoboka. Maji yakikutana na shaba iliyoyeyuka, ni mlipuko. Kwa hiyo, katikati ya mamia ya watu waliosukuma vigari na kupakia koke, walihitajika wachache ambao kazi yao ilikuwa kutazama: maji yanayotoka yana moto kiasi gani, mwali wa juu umegeuka rangi gani, skori, yaani taka ya madini yaliyoyeyuka, inatiririka nyepesi au inaanza kuwa nzito. Ile skori ndiyo iliyolundikwa ikawa mlima mweusi unaoonekana leo toka kila upande wa mji. Mlima huo ni wa waliobeba. Ni wa waliotazama pia, kwani hakuna hata ndoo moja ya skori iliyomwagwa kabla ya jicho la mtu kuamua kwamba wakati wake umefika.

Baba yangu alikuwa wa tanuru, miaka mingi baada ya hapo. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini hili alilirudia hata alipozeeka: “Mikono ikichoka, bantu banaona. Macho ikichoka, hakuna mwenye anaona.” Alikuwa akirudi asubuhi, anakula bukari iliyobaki, analala mchana katika nyumba ya vyumba viwili, kambi nzima ikiwa macho. Mama ndiye aliyekuwa mlinzi wa usingizi ule. Alitutoa nje, sisi na watoto wa jirani, kwa sauti ya chini yenye ukali: “Papa eko nalala, mwende kule!” Sinia lilipigwa marufuku, na kinu vilevile. Nimesoma vitabu vingi kuhusu kambi za wafanyakazi, juu ya mgao wa unga, madarasa ya ushonaji, vipimo vya watoto wachanga. Sijaona popote kazi hii ya wanawake wa kambi, ya kulinda usingizi wa mchana wa mtu wa zamu, ikitajwa kuwa sehemu ya uzalishaji wa shaba. Mimi naihesabu. Mtu aliyelala vibaya saa nne asubuhi ndiye yuleyule ambaye saa kumi alfajiri angetakiwa kuona badiliko dogo la rangi ya moto.

Hapo mwanzo kampuni haikuwa na watu wa kukaa. Iliwachukua kwa mikataba mifupi ya miezi, wengi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, baadaye na Ruanda-Urundi, wanakuja, wanazika wenzao, wanaondoka. Karibu na mwaka 1928 ikageuza njia: mikataba ya miaka mitatu, ruhusa ya kuja na mke, nyumba, shule, hospitali. Jina linalohusishwa zaidi na siasa hiyo ni la daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia mambo ya wafanyakazi Waafrika. Sababu zinazotajwa ni vifo vingi na gharama ya kutafuta watu wapya kila mara, nami sizikatai. Lakini kama mtu aliyekalia kiti cha kutazama naona sababu ya tatu, hata kama wakubwa hawakuitamka hivyo. Kubeba jiwe hufundishwa kwa siku moja. Kujua mlio wa pampu iliyo nzima, hata ugonjwa wake uusikie kabla kipimo hakijauonyesha, kunataka miaka. Mashine zilipokuwa nyingi na kubwa, mtu wa miezi sita hakufaa tena.

Mashine hizo zilihitaji umeme, na umeme ukazalisha aina mpya ya mtazamaji. Mwaka 1930 mtambo wa Mwadingusha ulianza kazi kwenye maporomoko ya Lufira, na nyuma yake likatandaa ziwa tunaloliita Tshangalele. Ukafuata mtambo wa Koni mwaka 1950, chini yake kwenye mto uleule. Kisha Lualaba: Nzilo mwanzoni mwa miaka ya 1950, megawati 108, na Nseke karibu 1956, megawati 248, mkubwa kuliko yote ya Katanga. Kutoka Nseke waya ulivuka mpaka hadi Kitwe, na kwa miaka michache, kabla Kariba haijaanza, migodi ya Copperbelt iliangazwa kwa sehemu na maji ya Lualaba.

Mtu wa tanuru alikuwa anaona moto wenyewe. Mtu wa tablo haoni kitu. Mto uko mbali, turbini ziko chini ya sakafu, waya uko porini. Kilicho mbele yake ni ukuta wa vipimo: volti, ampea, kiwango cha maji, joto la mafuta ya transfoma, na ule mshale mmoja unaotawala yote, wa hezi 50. Migodi ikivuta umeme kuliko unaozalishwa, turbini zinazidiwa, zinapunguza mwendo, mshale unashuka. Ukishuka sana, mashine moja inajitoa yenyewe ili isiharibike, mzigo wake unaangukia zilizobaki, nazo zinajitoa moja baada ya nyingine, na jimbo zima linaingia gizani. Kati ya mshale kuanza kuteremka na giza kuna sekunde, mara nyingine dakika chache. Katika nafasi hiyo mtu lazima aamue nani akatiwe: kiwanda gani, mtaa gani, na kwa mpangilio upi, asije akaizimia pampu inayotoa maji katika mgodi wenye watu chini.

Sasa fikiria kwamba jambo hilo halitokei usiku wa leo. Wala kesho. Wala wiki ijayo. Mshale umetulia kwenye hamsini, transfoma zinanguruma sauti ileile, na wewe una wajibu wa kuutazama mshale ule kana kwamba dakika inayofuata utaanguka. Hapo ndipo ugumu ulipo. Watu hudhani kazi hii inachosha siku ya dhoruba, kengele zinapolia pamoja na simu tatu zinaita. Siku hiyo inachosha, ndiyo, lakini mwili wenyewe unakuamsha. Kinachomaliza mtu ni usiku uliotulia. Jicho linabaki wazi na akili imeondoka. Mkono unaandika kipimo cha saa nane sawa na cha saa saba, kwa kuwa saa saba ndivyo kilivyokuwa. Wazee walionifundisha waliujua mtego huo, wakaweka desturi ambazo hazikuwa katika kitabu chochote cha maelekezo. Kipimo hakiandikwi kabla ya kutamkwa kwa sauti. Kioo cha kipimo kinagongwa kwa ncha ya kidole, maana mshale wa zamani hukwama na kudanganya. Tablo inatembelewa kwa miguu toka mwanzo hadi mwisho, na safari inayofuata toka mwisho hadi mwanzo, ili jicho lisizoee njia. Na anayeingia zamu haketi mpaka anayetoka amemweleza kwa mdomo, hata kama kayeni kumeandikwa R.A.S. “Nieleze usiku,” ndivyo tulivyosema.

Kipushi, kama kilomita 30 kutoka hapa, walikuwepo ndugu zetu wa winchi. Mgodi ule wa chini ya ardhi ulifunguliwa katika miaka ya 1920, na shimo lake lililoenda chini zaidi linapita mita elfu moja. Mwendesha winchi hakuwaona watu aliowateremsha. Alisikia kengele, idadi fulani ya milio kwa kila amri, akatazama sahani inayoonyesha kizimba kimefika kina gani, mkono ukiwa kwenye breki. Watu kadhaa wananing'inia kwenye kamba ya chuma na uhai wao uko katika masikio ya mtu mmoja aliyekaa juu. Sijapata kukutana na mwendesha winchi mstaafu anayependa redio kubwa.

Sasa nije kwa yule bingwa. André Ombredane alikuwa Mfaransa, daktari na mwanasaikolojia, profesa katika Chuo Kikuu Huru cha Brussels. Mwaka 1955, pamoja na Jean-Marie Faverge, alitoa kitabu juu ya uchambuzi wa kazi ambacho hadi leo wanaosomea saikolojia ya kazi kwa Kifaransa hukihesabu kuwa msingi. Mawazo yake makuu ni mepesi kueleza. Usimhukumu mfanyakazi kabla hujaitazama kazi. Iendee mahali inapofanyika, uone ni ishara zipi mtu anazipokea, anazichagua vipi kati ya nyingi, anajibu kwa tendo gani. Utakuta kwamba kazi iliyoandikwa na mkubwa si kazi inayofanywa na mtu. Niliposoma hayo, nikiwa tayari na mvi, nilihisi kama mtu ameingia katika chumba chetu cha tablo, akakaa kimya kwenye kona, akatuelewa.

Lakini miaka hiyohiyo Ombredane alikuwa akifanya kazi Kongo ya Wabelgiji, naye alikuja na kitu tofauti. Aliwapima Wakongo kwa majaribio ya akili: picha zenye kipande kilichokatwa, utafute kinachofaa, na picha za watu ambazo anayepimwa anazitungia hadithi. Union Minière nayo katika miaka ya 1950 ilikuwa na wanasaikolojia wake hapa Élisabethville, waliopima watoto wa shule na wafanyakazi ili kuamua nani anafaa kufundishwa kazi gani. Swali lililoulizwa lilikuwa: Mwafrika huyu ana uwezo kiasi gani? Halikuwa: kazi hii inamtaka nini, na inamchosha wapi?

Nisimtendee Ombredane isivyo haki. Mwaka 1956 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapa watu walewale jaribio lilelile zaidi ya mara moja. Alama zilipanda. Maana yake, karatasi ya siku ya kwanza ilipima ugeni wa mtu mbele ya karatasi, haikupima akili yake tu, na matokeo hayo yalitolewa na mpimaji mwenyewe. Alifariki mwaka 1958. Kinachonisikitisha ni kwamba zana mbili zilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, moja ya kuelewa kazi na moja ya kupanga watu, na katika historia ya jimbo hili iliyoacha alama ni ile ya pili. Majedwali ya alama za watu weusi yamejaa maktaba. Maelezo ya jinsi mtu wa tanuru ya Lubumbashi alivyogawa macho yake kati ya maji, moto na skori, tena usiku, hayapo.

Kwingineko swali la uchovu wa kutazama lilikuwa limeshaulizwa, kwa sababu ya vita. Waendesha rada wa jeshi la anga la Uingereza walitakiwa kutambua nukta ndogo za nyambizi za Wajerumani kwenye kioo, na walikuwa wakizikosa. Norman Mackworth, huko Cambridge, akatengeneza sahani nyeupe isiyo na namba, yenye mshale unaoruka hatua moja kila sekunde. Mara chache, bila taarifa, uliruka hatua mbili, na mtu alitakiwa kubonyeza kitufe. Kazi ya saa mbili. Matokeo aliyoyatoa mwaka 1948 yanajulikana: baada ya nusu saa tu ya kwanza, watu wenye afya na nia njema walikuwa wameanza kukosa nyingi zaidi. Nusu saa! Nasi zamu yetu ni saa nane, na mshale wetu unaruka hatua mbili labda mara moja kwa mwezi.

Na kutoka vita hivyohivyo kunakuja kamba inayotufunga Wakatanga na mitambo ya nyuklia. Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilichimbwa tangu 1921 kwa ajili ya radiamu. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani elfu moja za madini yake ya urani, zikahifadhiwa Staten Island, na ndizo zilizokuwa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Marekani. Vita vilipokwisha, sayansi ileile ikajenga mitambo ya umeme. Mwaka 1959 Kongo ikapata rieakta yake ya utafiti, TRICO, katika Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Kinshasa, ya kwanza barani Afrika. Tablo ya mtambo wa nyuklia imezaliwa na jiwe la kwetu, na mtu anayeikalia ana kazi ileile tuliyokuwa nayo sisi, ila kosa lake halizimi taa tu.

Tarehe 28 Machi 1979, kama saa kumi alfajiri, saa ambayo kila mtu wa zamu anaiogopa, mtambo wa Three Mile Island huko Pennsylvania ulianza kupoteza maji kupitia vali iliyokwama wazi. Kwenye tablo taa ilionyesha kwamba vali imepewa amri ya kufunga. Haikuonyesha kama imefunga kweli. Kengele zaidi ya mia zililia katika dakika za mwanzo, kubwa na ndogo kwa sauti moja. Waendeshaji, wakiamini maji yamezidi, wakapunguza maji ya akiba, na kiini cha rieakta kikaanza kuyeyuka. Ripoti za mwanzo zilisema ni kosa la watu. Mimi nikisoma habari ile naona taa iliyosema uongo, na watu waliobebeshwa maneno mia kwa mara moja baada ya miezi ya kutosemeshwa lolote.

Chernobyl inaniuma zaidi, kwa kuwa mtu wa dispachi, anayegawa umeme kati ya vituo kama nilivyofanya mimi, yumo ndani. Jaribio lilipangwa kufanyika mchana wa tarehe 25 Aprili 1986, kwa zamu iliyoandaliwa. Dispachi ya Kiev, iliyohitaji umeme, ikaomba lisogezwe. Ombi la kawaida, tumetoa maombi kama hayo mara nyingi. Likaangukia zamu ya usiku, ambayo haikuwa imeandaliwa, na saa saba na dakika 23 usiku mtambo ukapasuka. Tangu siku nilipoyajua hayo, kila nilipoinua simu kuomba kituo fulani kisubiri, niliuliza kwanza ni zamu ipi itakayopokea.

Baada ya Three Mile Island wataalamu walianza kupima kwa bidii mzigo wa akili wa watu wa tablo. Kipimo kilichoenea zaidi kilitokea katika usafiri wa anga: mwaka 1988 Sandra Hart wa NASA na mwenzake Lowell Staveland walitoa orodha ya vipengele sita, ambavyo mtu hujiwekea alama mwenyewe. Kazi imekutaka kufikiri kiasi gani, kutumia mwili kiasi gani, kukimbizana na wakati kiasi gani; unaona umeifanya vizuri kiasi gani; imekugharimu juhudi gani; imekuudhi kiasi gani. Tazama tofauti. Hapa Élisabethville miaka ya 1950 mtu aliwekewa alama na mwingine, kuhusu kichwa chake. Katika karatasi ya Hart anayetoa alama ni mfanyakazi, na kinachopewa alama ni kazi. Ingechukuliwa njia hiyo kwa baba yangu, angekuwa na la kusema.

Yaliyofuata hapa kwetu nitayapita upesi, kwa kuwa yameandikwa na wengi. Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960, na kujitenga kulipokuwa kukifa, mwanzoni mwa 1963, mabwawa ya Nzilo na Nseke yalitishiwa kulipuliwa. Hayakulipuliwa. Serikali ikaichukua Union Minière mwanzoni mwa 1967, ikawa Gécamines baadaye. SNEL, shirika la umeme la taifa, iliundwa mwaka 1970. Viti vya wakuu wa zamu, vilivyokuwa vya Wazungu, vikakaliwa na Wakongo, wengi wao watu waliokuwa wakisoma vipimo na kuviita kwa sauti ili mwingine aandike. Walijua tablo kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 1982 ukaja waya wa Inga, kilomita 1,700 kutoka mto Kongo hadi Kolwezi, mrefu kuliko wowote duniani kwa wakati wake. Umeme unasafiri humo kwa mkondo mnyoofu, unageuzwa Kolwezi. Kwa mtu wa tablo maana yake ni kwamba radi iliyopiga Kasai, au nguzo iliyong'olewa vyuma na wezi katika msitu asioujua, inamfikia Lubumbashi kama mshale unaoporomoka. Eneo la kutazama lilikuwa mto mmoja, likawa nchi nzima. Idadi ya macho haikuongezwa.

Halafu mporomoko. Gécamines iliyotoa karibu tani 476,000 za shaba mwaka 1986 ilikuwa haifikii hata moja ya kumi yake miaka minane baadaye. Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 waliondoka kwa mpango uliopewa jina la kuondoka kwa hiari. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa ameshaandika kitabu juu ya familia za wafanyakazi wa shaba, watoto wa shaba walioachwa na baba yao, na kila mwenyeji anajua mtaa ambapo kitabu kile kinaishi. Mimi naongeza hasara moja tu. Waliondoka na masikio yao. Mtu aliyetofautisha mlio wa pampu nzima na mgonjwa alikwenda kulima mahindi njia ya Kasenga, na hakuna aliyemwambia keti kwanza, utufundishe.

Leo mashine zinarudi. Mwadingusha imefungiwa turbini mpya, zote sita zikiwa kazini tangu 2021. Kipushi, iliyosimama tangu 1993, ilianza tena kutoa zinki mwaka 2024. Vijana wanakaa mbele ya vioo vya kompyuta, kioo kimoja kinabeba tablo nzima ya zamani, na kompyuta inajiendesha yenyewe hadi pale inaposhindwa. Mwingereza Lisanne Bainbridge aliliona tatizo hili tangu 1983: unampokonya mtu kazi ya mikono iliyokuwa ikimfanya awe macho na stadi, unamwachia kutazama tu, jambo ambalo binadamu hulifanya vibaya, kisha siku mashine inapochanganyikiwa unamtaka aiokoe kwa ustadi ambao hukumruhusu kuudumisha. Nimewatembelea vijana hao. Ni hodari, wamesoma kunizidi. Nilipowauliza saa kumi alfajiri wanafanya nini, walinitazama kwa staha, na mmoja akajibu, “Papa, tunavumilia tu.” Hakuna aliyekuwa amefundishwa desturi hata moja ya wazee. Kioo cha kompyuta hakigongwi kwa kidole, sawa; lakini kutamka kipimo kwa sauti, kubadili njia ya macho, kuelezana usiku kwa mdomo, hayo hayana sababu ya kufa. Na zamu ya usiku ya saa kumi na mbili, inayozoeleka sasa katika migodi mingi duniani, kwa mtu wa kutazama ni ndefu mno. Nasema hivyo bila kupunguza neno.

Tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi umekuwa ukikusanya kumbukumbu za wakazi: vyombo vya nyumbani, picha, nyimbo, simulizi za kambi. Nauomba, pamoja na idara ya historia ya Chuo Kikuu na jumba la makumbusho, wawafuate sasa wazee wa tanuru, wa winchi na wa tablo. Wasiwaulize tu mshahara ulikuwa kiasi gani na mkubwa alikuwa mkali vipi. Wawaulize: ulitazama nini kwanza ulipoingia? Ni sauti gani iliyokuogofya? Ulifanyaje usilale? Nani alikulindia usingizi wa mchana? Wajane nao waulizwe, kwa sababu wao walikuwa nusu ya zamu. Na wewe unayesoma, kama katika sanduku la marehemu baba yako kuna kaye ya zamu yenye mistari ya vipimo na R.A.S. kila asubuhi, usiiuze kwa mama wa karanga akafungie vifurushi. Ipeleke Chuo Kikuu.